Bab el Mandeb: maji yanapishana

Kuna wanaosambaza video ya maji ya rangi mbili wakidai kwamba maji ya bahari hizi mbili hayachanganyiki. Yanachanganyika, ndugu. Hakuna ukuta kati ya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Pale Bab el Mandeb, mlango mwembamba wa bahari unaoziunganisha, maji hupishana mwaka mzima, ila kwa vina tofauti. Bahari ya Shamu haina mto wa kudumu unaomwaga humo, mvua ni ya kubahatisha, na jua hukausha kama mita 2 za maji kila mwaka. Pengo hilo hujazwa na maji mepesi yanayoingia juu juu kutoka Aden. Yanayobaki humo huzidi chumvi (kaskazini hufika kama gramu 40 kwa kilo), huwa mazito, huzama, kisha hutoka kwa chini yakivuka kizingiti (mwinuko wa sakafu ya bahari) kilicho karibu na visiwa vya Hanish, kina chake mita 137 hivi.

Hiyo ni wakati wa kaskazi. Juni hadi Septemba mambo hugeuka: upepo husukuma maji ya juu yatoke, maji baridi ya Aden huingia katikati, na mkondo wa chini hunywea sana. Tabaka tatu kwenye mlango mmoja! Vyombo vya kupima mikondo vilivyowekwa pale miaka ya 1990 vilionyesha hivyo.

Ule mstari wa rangi mbili kwenye video mara nyingi ni maji ya mto yenye tope yakikutana na ya chumvi. Nayo huchanganyika, polepole tu.