Kidonge cha Sukari Kisubiri Sahani

Ninaishi Makorora hapa Tanga, nina kisukari cha aina ya pili, na natumia vidonge vya aina mbili: metformini na glibenklamidi. Kwa miaka mingi nilivimeza alfajiri, nikishapiga mswaki tu, chai ikija baadaye. Hakuna aliyewahi kunikataza.

Siku moja tukapigiwa simu alfajiri kuwa ami yetu wa Pangani amefariki. Nikameza vidonge vyangu, nikasema chai nitakunywa huko huko. Lakini msibani, kabla ya maziko, nani ana habari na chai? Ilipofika saa nne tumekaa mkekani, jasho likanitoka mgongoni na upepo wa bahari unavuma. Mikono ikatetemeka hata punje za tasbihi zikanishinda. Aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa akisema nami, namsikia kwa mbali.

Wifi yangu ndiye aliyeng'amua, maana mama yake naye ana sukari. Akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye glasi ya maji, akanishikia mpaka nikaimaliza. Robo saa baadaye nikarudiwa na akili. Halafu akanilazimisha kula mkate na maharage ya nazi, na hapo ndipo aliponiokoa hasa. Glibenklamidi inaweza kufanya kazi mwilini hata saa 24, kwa hiyo ukizinduka kwa maji ya sukari kisha usile, sukari inaweza kushuka tena.

Kliniki wakanieleza nilichopaswa kukijua tangu mwanzo. Metformini hupunguza sukari inayotolewa na ini, na ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Humezwa pamoja na chakula kwa ajili ya tumbo, maana wiki za mwanzo huleta kichefuchefu na kuharisha. Glibenklamidi ni habari nyingine. Yenyewe hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula hujakula. Ndiyo maana nawasihi, jamani, msigawiane vidonge na jirani kwa kuwa nyote mna "sukari". Kwa mzee, au mtu ambaye figo zake zimechoka, kidonge hicho kinaweza kumlaza sakafuni. Ukiandikiwa Septrin kwa maradhi mengine, mwambie daktari kwamba unakitumia, kwani zikikutana sukari hushuka zaidi. Na ukitapika au kuharisha sana, piga simu kliniki kabla hujaendelea na dozi, ya metformini pia.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Mimi daktari alikihamishia kidonge changu kwenye futari. Wewe utapangiwa cha kwako, usinakili changu. Pima sukari mchana, masheikh wengi wanasema kujitoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, fungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi.

Wa nyumbani nao wafundishwe. Aliyepoteza fahamu hatiliwi kitu kinywani, hata maji ya sukari, akimbizwe hospitali.

Siku hizi vidonge vyangu havikai tena dirishani karibu na mswaki. Nimeviweka kabatini, juu ya sahani ninayolia asubuhi, na sahani siitoi bila kuvishika.