Ukitundika daluga, usianze ukocha nyumbani

Kila msimu ukiisha napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana niliocheza nao au niliowafundisha: "Kaka, nimeamua kutundika daluga. Uongozi umeniomba nibaki niwe kocha. Unasemaje?" Jibu langu wengi hawalipendi. Kataa. Nenda kafundishe timu ambayo hakuna anayekumbuka mabao yako.

Nimezijaribu njia zote mbili. Nilianza na timu ya sekondari moja Muheza, ambako hakuna aliyenijua, kisha nikarudi Tanga mjini kufundisha timu ya mtaa niliyowahi kuwa nahodha wake. Muheza nikimweka kijana benchi, ananuna siku mbili halafu anakuja mazoezini kwa hasira ya kutaka namba yake. Kwetu nikimweka mtu benchi, jioni mama yake yuko barazani kwa mama yangu, kahawa inanyweka na jina langu linatajwa. Wachezaji wenzangu wa jana walikuwa wananiita kwa jina la utani mbele ya madogo, na kila badiliko nililofanya lilikuwa na mjadala wake. Hawakuwa watu wabaya. Walinijua mno, basi.

Baadaye nilihamia Melbourne kikazi, na jirani akanivuta nisaidie mazoezi ya watoto wa mtaa, wale wanaocheza mpira wao wa Kiaustralia. Ndipo nikaanza kulisikia jina la Ron Barassi, mchezaji na kocha maarufu wa mchezo huo. Huyu mzee alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 87, na mji mzima ulimlilia. Kadiri nilivyoyafuatilia maisha yake ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yale niliyoyaonja Muheza na Tanga, yeye aliyaishi mbele ya umati wa watu laki moja.

Kwa asiyeujua mchezo: mpira una umbo la yai, uwanja ni wa duara refu, kila upande una watu 18. Mkono unaruhusiwa, ila huruhusiwi kuurusha mpira. Unaushika kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Bao kamili ni pointi sita, na ukipita pembeni kidogo ya milingoti mikubwa unapata pointi moja. Mengine utayaelewa ukitazama.

Baba yake Barassi alichezea klabu ya Melbourne, akaenda vitani na kuuawa Tobruk, Libya, mwaka 1941. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Alipokuwa kijana, mama yake aliolewa tena na kuhamia Tasmania, naye akachukuliwa na Norm Smith, aliyecheza pamoja na marehemu baba yake na sasa alikuwa kocha wa Melbourne. Akakaa uani kwa kocha wake. Katika miaka ya 1955 hadi 1964 walichukua ubingwa mara sita pamoja, mmoja akiwa uwanjani na mwingine kwenye benchi la ufundi. Watoto wa mji walikuwa wanagombania jezi namba 31 kwa sababu ilikuwa yake.

Halafu, baada ya ubingwa wa 1964, akaondoka. Akaenda Carlton kuwa kocha mchezaji, timu ambayo msimu huo ilikuwa imemaliza mahali pabaya kuliko wakati wowote katika historia yake hadi hapo. Mashabiki wa Melbourne walilichukulia kama msiba. Lakini tazama hesabu yenyewe: angebaki, angekuwa kocha wa wachezaji gani? Wale waliokuwa wakinywa naye bia juzi. Na kiti angekipata kwa nani? Kwa mtu aliyemlea kama mwanawe. Kuna vyeo ambavyo adabu yenyewe inakukataza kuvitamani, na kwa mtu wa Pwani hilo halihitaji maelezo zaidi.

Carlton walikuwa wanajua sifa zake, ila hawakuwa na deni naye wala yeye kwao. Ubingwa ulikuja 1968, kwa tofauti ya pointi tatu tu dhidi ya Essendon. Ila mechi ninayomwambia kila kocha mchanga aitafute ni fainali ya 1970 dhidi ya Collingwood. Watazamaji 121,696 pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, rekodi ya mchezo huo ambayo mpaka leo haijavunjwa. Mapumziko yanafika, Carlton wako nyuma kwa pointi 44. Katika mchezo huo, pengo kama hilo kwenye fainali ni sawa na kwenda mapumziko umefungwa manne bila.

Barassi alikuwa mkali, mtu wa kufoka, hilo kila mtu analijua. Kinachokumbukwa siku ile, hata hivyo, ni agizo: acheni kupiga mpira mrefu na kusubiri, upigeni kwa ngumi, pasi fupi fupi, sogeeni bila kusimama. Na badiliko: akamwingiza Ted Hopkins aliyekuwa benchi, kijana ambaye hakuna aliyemwogopa. Hopkins akafunga mabao manne. Carlton wakashinda 111 kwa 101.

Mimi mapumziko yangu nimeyapanga upya kwa sababu ya mechi hiyo. Dakika zile ni chache, na nusu yake watu wanakunywa maji na kufunga kamba za viatu. Toa agizo moja linalotekelezeka na dakika ile ile wakirudi uwanjani, kisha fanya badiliko unalolihitaji, nyamaza. Ukisema mambo saba, muulize mchezaji wako baadaye ulisema nini. Atakutajia lile la mwisho, au atakwambia ulikuwa umekasirika. Na angalia pia kwamba Barassi mchezaji alisifika kwa nguvu na ari ya kupambana, ila hakuwaambia vijana wacheze kama yeye. Makocha wengi waliokuwa nyota wanakwama hapo hapo. Wanamfundisha mchezaji waliyekuwa wao, wakati kijana aliye mbele yao ana miguu mingine kabisa.

North Melbourne nitapita haraka. Aliichukua 1973 ikiwa imetoka kushika mkia kwa ushindi mmoja tu msimu mzima. Klabu hiyo ilikuwa kwenye ligi tangu 1925 bila kuonja kombe. Akaipa la kwanza 1975, na la pili 1977 baada ya fainali kwenda sare na kurudiwa wiki iliyofuata. Mara nyingine tena ni nyumba isiyokuwa yake.

Kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1981 Melbourne walimpokea kwa shangwe, na msimu huo wakashinda mechi moja. Moja! Alikaa hadi 1985 bila kufika hata hatua ya mtoano. Kuna atakayeniambia, mbona Norm Smith mwenyewe alifundisha klabu aliyoichezea na akafanikiwa? Ni kweli, ila Smith alitoka kwanza, akafundisha Fitzroy, ndipo akarudi mwaka 1952 akiwa tayari ni kocha. Hakurudi kama shujaa aliyeitwa kuokoa jahazi. Nadhani tofauti iko hapo, ingawa pia kikosi cha 1981 kilikuwa dhaifu na hakuna jina kubwa linaloweza kuficha hilo.

Miaka ile mitano haikupotea yote. Melbourne walikwenda Ireland kutafuta vijana wa kandanda ya Kiairishi wasiowahi hata kuushika mpira wa umbo la yai, na mmoja wao, Jim Stynes wa Dublin, alifika 1984. Mwaka 1991 Stynes alitwaa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi. Barassi alikuwa ameshaondoka zamani. Nikiwatazama watoto ninaosaidia kuwafundisha, wengine wamezaliwa Kigoma na Bukavu na wazazi wao hawaelewi hata sheria, huwa nawatajia Stynes, halafu Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Kwa hiyo ukipewa timu, tenga nafasi kwa kijana ambaye hutakuwepo atakapoiva. Uongozi hautakushukuru. Fanya tu.

Sasa, wewe uliyeniandikia juzi ukisema umeshakubali kuifundisha timu yako na huwezi kurudi nyuma. Omba upewe kwanza vijana wa chini ya miaka 17 kwa msimu mmoja. Hao hawakucheza nawe. Ikishindikana, msaidizi wako atoke nje ya mtaa, na yeye ndiye awatangazie wachezaji kikosi cha kwanza. Usifanye mazoezi nao kama mchezaji wa ishirini na tatu, hata siku wakipungua. Na mama yako mwambie mapema: wakija barazani, awape kahawa, ila habari za benchi aseme hazijui.