Kwa nini mabinti wanaacha jogging baada ya wiki chache?

SWALI: Mimi ni katibu wa klabu ya jogging Temeke. Kila Januari tunasajili mabinti wengi wa miaka 18 hadi 25, Februari wanabaki watatu. Tunaanza saa 11 alfajiri, kilomita 10, na kila Jumamosi tunawapima uzito ili wapate hamasa. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu katibu, anza na hiyo mizani, iondoeni. Binti anaweza kukimbia mwezi mzima na uzito usipungue hata kilo moja, nanyi mmeshamwambia mbele za watu kuwa hicho ndicho kipimo chake. Ataona anajichosha bure. Kumbe tayari analala vizuri na akipanda ngazi hahemi kama zamani. Muulizeni hayo.

La pili viongozi wanaume huona haya kulitaja: sidiria. Titi halina msuli ndani yake, linashikiliwa na ngozi na nyuzi laini tu. Mtu akikimbia linakwenda juu, chini na pembeni, na kwa wengi linauma. Nimepokea mabinti kadhaa waliodhani wana tatizo la kifua, kumbe wanakimbia na sidiria ya mtumba ambayo mpira wake umeshalegea. Sidiria ya michezo ikae imara mbavuni bila kubana pumzi. Arukeruke nayo kabla hajalipa. Mwanachama wa kike awaeleze wageni siku ya kwanza kabisa.

Hedhi haikatazi mazoezi, na mazoezi mepesi huweza hata kupunguza maumivu ya tumbo. Lakini kilomita 10 bila choo njiani? Hata mimi ningebaki nyumbani.

Halafu hiyo saa 11. Ninyi mnakimbia kundi, ila yeye anatoka kwao peke yake gizani, akipigiwa miluzi hadi kituoni. Sogezeni hadi saa 12 na nusu, wanaokaa mtaa mmoja wapitiane. Anayevaa hijabu msimlazimishe fulana ya klabu peke yake. FIFA wenyewe waliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014.

Kuhusu kasi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Wekeni kundi la watembeaji, na kiongozi wake abaki nyuma na wa mwisho.

Walioacha wapigiwe simu na mwanamke mwenzao, awaulize: siku ya mwisho uliyokuja, ilikuwaje?