Istanbul Iwekwe Bara Gani? Ushauri kwa Waandishi Wapya wa Miongozo ya Safari

Ukipewa kazi ya kupanga maeneo katika mwongozo wa safari, utakwama mapema kwenye nchi zilizokalia mabara mawili: Uturuki, Misri, Urusi, Kazakhstan. Usianze kwa kusaka jibu moja sahihi kwenye atlasi. Mpaka wa Ulaya na Asia ulichorwa na watu, na watu hao wameuhamisha. Wagiriki wa kale waliuweka kwenye mto Don. Mwaka 1730 Strahlenberg, ofisa wa Sweden aliyewahi kuwa mateka wa vita huko Siberia, aliupeleka kwenye milima ya Ural, na huko umebaki. Msomaji wako analihitaji jina la bara ili aufikie ukurasa. Akishafika, anachotaka ni viza, usafiri na bei.

Kwa hiyo kila mahali pawe na ukurasa mmoja, na ukurasa huo uwe na ukurasa mama mmoja tu, yaani ukurasa wa juu unaoubeba. Viungo vya kuufikia vinaweza kuwa vingi upendavyo. Ukurasa wenye mama wawili huishia kuhaririwa na watu wawili wasiojuana.

Kwa pa kuanzia, chukua orodha ya kanda ya Umoja wa Mataifa iitwayo M49. Humo Urusi yote iko Ulaya Mashariki, Misri yote Afrika Kaskazini, Kazakhstan yote Asia ya Kati. Uturuki, Kupro, Georgia, Armenia na Azerbaijan ziko Asia Magharibi. Faida yake ni kwamba haikati nchi. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya takwimu, na mahali pengine haimfai msafiri. Kupro, kwa mfano, imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004, na wengi wataitafuta pamoja na Ugiriki. Iweke Ulaya bila wasiwasi, kisha uache kiungo upande wa Asia.

Istanbul ndiyo itakayokupima. Mlango-bahari wa Bosphorus unaukata mji katikati, na mwandishi mpya hushawishika kufungua kurasa mbili, moja ya Ulaya na moja ya Asia. Usifanye hivyo. Habari za kuvuka, yaani feri, madaraja matatu na treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013, zitaandikwa mara mbili. Nauli ikipanda, ukurasa mmoja utasahihishwa na wa pili utabaki na bei ya zamani. Acha ukurasa mmoja wa mji, halafu ugawe kwa wilaya: Fatih, Beyoğlu na Beşiktaş ziko upande wa Ulaya, Üsküdar na Kadıköy upande wa Asia. Hapo ndipo tofauti ya bara inapopata kazi. Kila hoteli iandikiwe upande wake, maana kilomita tatu kwenye ramani zinaweza kuwa na maji katikati. Viwanja vya ndege vivyo hivyo: Istanbul Airport (IST), zinakotua ndege za Turkish Airlines kutoka Nairobi na Dar es Salaam, uko Ulaya, Sabiha Gökçen (SAW) uko Asia. Anayelala Sultanahmet, mtaa wa Fatih, na kuondokea SAW lazima avuke, na mwongozo usiomwambia unaweza kumkosesha ndege.

Mkoa wa Çanakkale, nao wa Uturuki, una mtego huohuo. Rasi ya Gallipoli iko Ulaya, mji wa Çanakkale na magofu ya Troy viko Asia, na wageni wengi huviunganisha katika safari moja. Ukivitenganisha kwa bara umeivunja ziara yao.

Sinai iko Asia, mashariki ya Mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869, lakini ni Misri. Iache chini ya Misri, na Misri chini ya Afrika. Ila uipe ukurasa wake, kwa sababu ina jambo la peke yake: raia wa baadhi ya nchi wakiingilia Sharm el-Sheikh hupata muhuri wa bure wa siku 15 unaowaruhusu kukaa maeneo ya pwani kama Sharm, Dahab, Nuweiba na Taba, hauwafikishi Kairo. Usiandike kana kwamba unamhusu kila mtu. Msomaji mwenye pasi ya Kenya au Tanzania mwelekeze athibitishe ubalozini kabla ya kukata tiketi.

Kaukazi, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ni ngumu zaidi (na angalia msahihishaji asiigeuze kuwa Kaskazi). Wanaofuata mgongo wa milima huiweka Georgia Asia, lakini hata kwao sehemu zake za Tusheti na Stepantsminda, zilizo upande wa kaskazini wa mgongo huo, zinaangukia Ulaya. Wanaofuata bonde la mito Kuma na Manych, kusini mwa Urusi, huvuta mpaka kaskazini zaidi, na mlima Elbrus wenye mita 5,642 unahamia Asia. Ndiyo maana sentensi “mlima mrefu kuliko yote Ulaya” haitoshi. Taja mpaka unaoufuata. Georgia, Armenia na Azerbaijan ziweke pamoja kwenye ukurasa wa Kaukazi, chini ya bara moja mtakalokubaliana. Msafiri atafaidika zaidi ukimweleza ni mipaka ipi kati ya nchi hizo inayovukika kwa barabara.

Visiwa havina kanuni moja. Socotra iko karibu zaidi na Pembe ya Afrika kuliko Arabuni, lakini ni ya Yemen, kwa hiyo ikae chini ya Yemen. Mayotte ni kisa cha kinyume: iweke Afrika, karibu na Komoro, lakini mstari wa kwanza wa sehemu ya viza useme ni ardhi ya Ufaransa isiyomo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.

Tahadhari moja ya lugha. Kwetu “bara” ni Asia au Afrika, na pia ni nchi kavu isiyo kisiwa, kama tusemavyo Tanzania Bara. Ukiandika “feri ya kwenda bara” msomaji wa Unguja ataelewa jambo lingine kabisa. Andika “upande wa Asia” au “nchi kavu”.

Ukimaliza, mpe mtu asiyejua mpangilio wako atafute Sharm el-Sheikh akianzia Afrika, kisha akianzia Asia. Akibofya zaidi ya mara nne kwa njia yoyote, kuna kiungo umekisahau.