Jibu: AC ya nyuma ya Noah haipulizi

Mkuu, umesema mbele kunapoa vizuri ila nyuma hakutoki hata upepo. Basi usikubali kuuziwa gesi. Kompresa, pampu inayosukuma gesi, ni moja na gesi ni ileile ya mbele na nyuma. Anza na fyuzi ya feni ya nyuma, kisha jaribu spidi zote. Ikizunguka kwenye ile ya juu tu, rizista, kile kifaa cha kupunguza spidi ya feni, imeungua. Feni yangu ilikuwa kimya kabisa. Nilifungua plastiki ya pembeni, nikaigonga mota ya feni kwa mpini wa bisibisi, ikaamka. Kaboni, zile brashi za kupitisha umeme ndani ya mota, zilikuwa zimeisha. Nikanunua mota ya mtumba, nikafunga mwenyewe, skrubu tatu tu. Upepo ukitoka lakini wa moto, mwachie fundi: mabomba ya gesi usiyafungue nyumbani, yana presha. Hita ya nyuma tuwaachie watu wa Makete kwenye baridi, Dar ya nini?