Moyo umetulia lakini mi bado naogopa

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mwalimu wa msingi hapa Mwanza, nina miaka 34 na watoto wawili. Tangu 2019 moyo unaanza kwenda mbio ghafla tu, hata nikiwa nimekaa nasahihisha madaftari, unaenda kama dakika ishirini afu unaacha. Miaka yote naambiwa ni presha, mara ni mawazo, mama mkwe akasema niombewe nikaombewa, hadi juzijuzi dokta mmoja akanikuta unapiga 190, akanipima ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo) palepale akasema ni SVT, yaani moyo kukimbia ghafla kwa hitilafu ya umeme wake. Nimepewa dawa, huu mwezi wa nne haujanishika. Ila sasa ndo nimeharibika zaidi, daladala sipandi, usiku najishika mkono nahesabu mapigo hadi saa nane, mume wangu akisafiri silali kabisa. Yeye ananiuliza dawa si imefanya kazi, unaogopa nini? Nimeanza kuamini labda kweli ni akili.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa miaka yote hiyo ya kuambiwa mawazo wakati moyo unapiga 190. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kwenye SVT umeme wa moyo unapata kanjia kake unaanza kuzunguka hapohapo, ndo maana inawaka kama swichi na kuzima kama swichi, na wengi ikishaacha wanaenda haja ndogo mara nyingi hadi wanashangaa. Hofu ya kawaida haiko hivyo, yenyewe mapigo yanapanda taratibu na kushuka taratibu. Tatizo ni kwamba ukifika hospitali imeshaacha, ECG inatoka safi kabisa, basi unarudishwa nyumbani na panadol. Wala sio wewe tu. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliangalia wagonjwa 107 wa aina hii wakakuta zaidi ya nusu hawakugundulika walipopimwa mara ya kwanza, na wanawake ndo waliambiwa ni hofu tu mara nyingi kuliko wanaume. Inaniuma kuona bado tunafanya hivyohivyo.

Sasa hiyo hofu iliyobaki. Mwili wako umefundishwa miaka mingi kwamba hii kitu inakuja bila hodi, kwenye kikao, barabarani, popote, kwahiyo unalinda mlango hata kama mwizi hayupo. Unajishika mkono saa sita usiku unakuta 95, unashtuka, ule mshtuko unamwaga adrenalini na yenyewe kazi yake ni kukimbiza moyo, unahesabu tena unakuta 115, unaona hiyooo imeanza, kumbe hiyo ni hofu inajihesabu yenyewe. Na adrenalini hiyohiyo pamoja na kukosa usingizi vinaweza kuamsha SVT yenyewe, kwahiyo usiku huo wa kulinda moyo ndo unauchosha.

Kuhesabu usiku acha. Najua ni rahisi kusema, anza kwa kuhesabu mara moja tu jioni, uandike kwenye daftari basi, na moyo ukikimbia kweli utaujua bila kuhesabu, umeishi nao miaka. Daladala panda vituo viwili na mtu unayemwamini, kesho tena viwili, wiki ijayo vitatu, usisubiri hofu iishe ndo upande maana inaisha kwa kupanda. Ikigoma, omba mshauri nasaha au daktari wa akili, kumwona sio kukubali kwamba ulikuwa unaigiza.

Kingine mwombe dokta wako akufundishe kupuliza ili kuizima SVT ikianza, akishaona kwamba kwako ni salama. Unakaa umeegama, unapuliza bomba la sindano la mililita 10 (lisilo na sindano) kwa nguvu ya kusogeza kile kijiti sekunde 15, halafu unalazwa chali mtu anakuinua miguu sekunde 15 nyingine. Uingereza walijaribu, matokeo yakatoka 2015, kati ya watu 100 moyo ulirudi sawa kwa 43, wakati kwa kupuliza kule kwa zamani bila kuinua miguu ni 17. Wagonjwa wangu wengi hofu inapungua siku wanapojua kuna kitu cha kufanya. Ila ukizimia, kifua kikiuma au pumzi ikikata, usipulize chochote, nenda hospitali.

Dawa usiache mwenyewe. Na ukirudi kliniki ya moyo uliza kuhusu ablesheni, wanapitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi moyoni wanaunguza kale kanjia, kwa SVT za kawaida inafanikiwa kwa zaidi ya watu 90 katika 100 na wengi wanaachana na vidonge.

Baba watoto kama unasoma, hilo swali la unaogopa nini liache. Kabla ya safari ijayo kaa naye jioni moja mfanye mazoezi ya kuinua miguu, na mkubwa wa watoto aone inavyofanywa, ili ukiwa mbali awepo mtu nyumbani anayejua.