Peremende za mnanaa bila oveni

Dada, umeuliza kama unaweza kuwatengenezea watoto peremende za mnanaa za Krismasi bila oveni. Hata jiko huwashi. Chekecha nusu kilo ya sukari ya aisingi, utie gramu 50 za siagi iliyolainika, nusu kijiko cha chai cha esensi ya pepaminti, na maziwa vijiko vikubwa 3. Hayo maziwa yatie kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote mara moja utapata uji. Kanda mpaka donge liache kunata vidoleni, kama la chapati ila gumu zaidi. Viringisha vidonge saizi ya gololi, bonyeza kwa uma, acha vikauke usiku kucha.

Soma chupa vizuri lakini. Mafuta ya pepaminti si esensi: matone 3 au 4 yanatosha, na yawe ya kula, si ya kuchua. Mwaka jana mimi sikusoma, wanangu wakatema wakisema nimewalisha dawa ya meno!

Kama mnaenda ushago, usizichovye kwenye chokoleti. Ndani ya matatu itayeyuka kabla hamjafika Naivasha.